Ugali wa Sufuria Moja

Juzi kule Ikoma niliwakuta akina mama wa vijiji jirani wakiwapikia wageni ugali wa ulezi, kila mmoja na unga wake, sufuria moja. Ile harufu ikanirudisha utotoni, kijijini kwetu Kenyamonta, mchana ule majirani walipokuja risaga, kutupalilia shamba kwa zamu. Kila mama alileta unga wake, huyu ulezi, yule mtama, yule muhogo, wakaumwaga wote kwenye sufuria yetu. Mimi nikajua tumefilisika, kesho shule nzima inanicheka.

"Bibi, kwani tumeishiwa?" nikamnong'oneza bibi yangu.

"Funga bakuli lako! Kesho tunapalilia kwao, na unga wetu unaingia sufuria yao."

Nikala mpaka tumbo likawa ngoma.

Basi juzi mgeni mmoja akauliza, huu ugali kapika nani? Akina mama wote wakanyoosha mikono. Na mimi nikanyoosha, tena yote miwili, mmoja wa Bibi.