Mkwezi wa Tongoni aliyekataa 'kuruka chini'

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, nazi ya kwanza inatua kwenye majani yenye umande, inadunda mara moja na kubingirika hadi karibu na miguu ya Luka. Luka hashtuki. Anaisogeza kwa unyayo hadi kwenye lundo, kisha anatazama juu.

"Safari! Hiyo ulinilenga, au bahati mbaya?"

"Ningekulenga, sasa hivi ungekuwa unaongea?" sauti inajibu kutoka makutini.

Safari Mbaruku, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ni mkwezi wa minazi Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga. Miguu yake imeingia kwenye kitanzi cha kamba, panga limechomekwa kiunoni. Mkono mmoja umeshika kuti, wa pili unazungusha nazi hadi zinyofoke. Mwenye shamba humlipa shilingi elfu moja kwa kila mnazi. Luka, Mbondei wa Muheza, ndiye mfuaji: huzichoma nazi kwenye kifuo, kijiti chenye ncha kilichosimikwa ardhini, na kuzivua makumbi. Hapandi mti. Anasema hata kwenye stuli hupanda akiwa na shahidi.

Ukwezi una miiko yake, na nyumbani kwa Safari inafuatwa sawasawa. Nazi huanguka, mtu huteremka. Neno "kuanguka" halisemwi juu ya binadamu, na "kuruka chini" halisemwi kabisa, hata kwa mzaha. Mkwezi aliyepata ajali husemwa kuwa amekosana na mnazi.

"Mke wangu Sabiha hakutoka kwenye nyumba ya wakwezi, lakini mwezi wa kwanza tu alishazoea," anasema Safari akiwa ameshuka, anakunywa maji. "Mtoto akiponyokwa na kikombe, kwetu kikombe kimepasuka. Hatusemi kilipitia wapi."

Anayo sababu. Miaka tisa iliyopita, mdogo wake Sabiri alikuwa kileleni nyuki walipomvamia. Leo Sabiri anatembea kwa magongo na anasuka makuti barazani kwake. Safari anaieleza habari hiyo kwa sentensi moja: mdogo wake alikosana na mnazi kwa ajili ya nyuki. Kwamba Sabiri hakusubiri kuteremka, kwamba aliruka, mwandishi aliambiwa na Luka, ambaye hafungwi na mwiko wowote.

Mwiko huo nusura umkoseshe binti wa Safari nafasi ya riadha mwaka huu.

Asmahani, mtoto wa tatu wa Safari, alianza kidato cha kwanza Januari katika sekondari ya kutwa iliyo karibu na kwao. Ana miaka kumi na minne, ni mfupi, mwenye mapaja ya nguvu, na hukimbia kwa hatua fupi za haraka. Mwalimu wake wa michezo ni Loveness Shekalaghe, mzaliwa wa Lushoto, ambaye pia hufundisha hisabati.

Mwalimu Loveness hampi mwanafunzi mpya mchezo siku ya kwanza. Kwa wiki mbili kila mmoja hupitia yote: mbio fupi, mbio ndefu, tufe, kuruka juu na kuruka chini.

"Mtoto anakuja anataka mita mia kwa sababu ndizo alizoziona kwenye televisheni," anasema. "Simkatalii. Akimbie mita mia leo, kesho ashike tufe, keshokutwa twende mchangani. Na siangalii mshindi peke yake. Naangalia filimbi ikishalia, nani kabaki anarudia bila kuambiwa."

Asmahani alibaki mchangani. Jioni ya pili alikuwa akiwapita wasichana wa kidato cha tatu.

Kanuni ya shule ni michezo miwili kwa kila mwanafunzi, na mzazi aridhie. Mwalimu alimpendekezea mita mia moja na kuruka chini. Orodha ya shule ingefungwa na kupelekwa wilayani Ijumaa ya mwisho wa Februari, na baada ya hapo jina halibadilishwi. Asmahani alirudi nyumbani jioni hiyo akiwa na furaha na tatizo moja: hakuweza kuutaja mchezo wake mbele ya baba.

"Nilimwamkia shikamoo, akaitika," anakumbuka. "Nikamwambia nimechaguliwa mita mia. Akafurahi. Nikamwambia na mchezo mwingine. Akauliza upi. Nikafikiri, nikasema: ule wa kuteremka kwa kuruka."

"Kuteremka kwa kuruka?"

"Ee, baba."

"Kutoka wapi?"

"Shuleni, baba. Uwanjani."

Mazungumzo yaliishia hapo. Msichana alidhani ametumia lugha ya heshima, na kweli ndiyo aliyoitumia. Lakini masikioni mwa mkwezi, kuteremka kuna maana moja: mtu yuko juu. Safari aliachia shule darasa la nne ili ampokee baba yake kamba, na katika miaka hiyo minne hakuwahi kuona shimo la mchanga. Usiku ule alimwona mwanawe juu ya paa la darasa, mwalimu akiwa chini na filimbi.

Kesho yake alikwenda shuleni. Hakueleza sababu; kwa mkwezi, kuwa juu si hatari, hatari ni namna ya kuteremka.

"Mwalimu, mtoto wangu muweke juu," alisema. "Huko kwingine simtaki."

Mwalimu Loveness alimwelewa kwa namna yake. "Wazazi wa hivyo ninao wengi. Yupo aliyetaka mwanawe akimbie mbio ndefu kwa sababu fupi zinaonekana kama amepunjwa. Nikajua na huyu ni walewale, juu kaona ndiko kwenye hadhi." Alijaribu kumtuliza. "Mzee Safari, juu na chini ni majina tu."

"Majina si jambo dogo, mwalimu."

Mwalimu akaandika kuruka juu.

Mashindano ya madarasa yalifanyika wiki iliyofuata. Ufito uliwekwa kwenye kimo cha kwanza, ambacho karibu wote walikivuka. Asmahani aliugonga mara tatu. Nyuma yake sauti ya kijana ikapanda: "Mtoto wa mkwezi kashindwa na ufito mmoja!" Uwanja mzima ukacheka, na wasiomjua baba yake wakamjua siku hiyo.

Hakulia. Jumatatu alirudisha bukta ya shule ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi.

"Mwalimu, mimi riadha basi," alisema.

Zilibaki siku nne orodha ifungwe.

Fundo lilifunguliwa Jumatano, shambani. Luka alikuwa kwenye kifuo, Safari anakunja kamba. Luka akamuuliza habari za mwanariadha wake.

"Kaacha," Safari alijibu. "Na afadhali. Walitaka ateremke kwa kuruka."

Luka alisimamisha nazi kwenye ncha. "Ateremke kutoka wapi?"

"Nitajuaje? Paani, ukutani. Watu wa shule wana mambo yao."

Kwa maelezo ya wote wawili, Luka alicheka mpaka akakaa juu ya makumbi. "Bwana wee! Ule unaitwa kuruka chini!"

"Luka!"

"Mimi sipandi mti, nalisema. Kuruka chini! Mtoto anakimbia, anaruka, anatua mchangani. Nimeruka mimi mwenyewe Muheza, nikiwa darasa la tano, na kitambi hiki hakijazaliwa."

"Hapandi popote?"

"Apande nini, kisigino chake? Anaondokea chini, anatua chini. Ndiyo maana ya chini yenyewe!"

Safari hakucheka. Alimaliza kukunja kamba, akaitundika, akasema kesho hatafanya kazi mchana.

Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri alikuwa uwanjani. Mwalimu Loveness, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, alimpeleka kwenye shimo la mchanga. Safari alichuchumaa, akazamisha mkono hadi kifundo, akapapasa, akatoa kokoto mbili na kuzitupa pembeni. Akakanyaga ubao wa kurukia. Akaifuata njia ya kukimbilia hadi mwanzo wake, akageuka, akaitazama yote kwa urefu.

"Kimo chake?" aliuliza aliporudi.

"Hakuna kimo."

"Ardhi tupu."

"Ardhi tupu, mzee wangu."

Ndipo akamweleza habari ya nyumba ya mkwezi, na ya Sabiri. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambiaje, na neno lenyewe silisemi?"

Asmahani aliitwa kutoka darasani. Aliruka akiwa na sketi ya shule juu ya bukta ya kuazima, na hakuna aliyempigia makofi. Baba yake alilitazama shimo alilolichimba kwa visigino, kisha akautazama ubao, kisha tena shimo.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Shimo la pili lilikuwa mbele ya la kwanza.

"Basi, mwalimu, muandike huo."

Mwalimu alikuwa ameshatoa kalamu, lakini hakuandika. "Upi, Baba Asmahani? Mara hii nataka unitajie mwenyewe."

Safari alipangusa mchanga mkononi.

"Kuruka chini," alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Ila asubuhi nyumbani usilitaje."

"Nisemeje, baba?"

"Sema mchanga."

Mwalimu Loveness anasema kisa hicho kimembadilishia utaratibu. Siku hizi mzazi haelezwi mchezo kwa jina. Anaalikwa uwanjani auone ndipo aseme ndiyo au hapana. Mama mmoja aliyekuwa akimkatalia mwanawe kurusha mkuki alifika, akauona, akaomba naye aurushe.

Mashindano ya wilaya yalifanyika mjini Jumamosi ya tatu ya Machi. Katika kuruka chini kwa wasichana waliingia kumi na mmoja, kila mmoja akiwa na miruko mitatu, na wawili wa kwanza wangekwenda kambi ya mkoa. Safari alisimama nyuma ya kamba ya watazamaji. Luka alikuwa pembeni yake, amevaa shati la Jumapili.

Kabla ya zamu ya binti yake, mkwezi huyo alieleza anachokitaka. "Sitaki makubwa. Nataka afike kambini, akutane na watoto wa Pangani na wa Korogwe, apimwe nao. Akishindwa, ashindwe na mchezo wake mwenyewe, si na mchezo niliomchagulia mimi."

Mruko wa kwanza, Asmahani alikanyaga mbele ya ubao. Bendera nyekundu. Wa pili, vilevile, kwa upana wa kidole.

"Haraka za nini, mwanangu?" Luka alinong'ona. "Mchanga hauhami."

"Nyamaza, Luka."

Mwalimu Loveness haruhusiwi kuingia uwanjani. Alimwita msichana kutoka upande wa pili wa kamba, akamwonyesha kwa kiganja: rudi nyuma. Asmahani alikwenda kwenye alama yake ya kuanzia, akaivuta nyuma kwa urefu wa unyayo mmoja, akasimama hapo. Alipumua. Akakimbia.

Bendera ilikuwa nyeupe. Waamuzi wawili walivuta futi ya kupimia, mmoja akainama kusoma, akasoma tena: mita nne na sentimita thelathini na nane, mbele ya wote waliokwisha kuruka. Walibaki wasichana wanne. Mmoja wao alimpita. Watatu hawakumfikia.

Saa sita na dakika kumi mchana msimamizi alitangaza majina mawili ya kambi ya mkoa. La pili lilikuwa Asmahani Safari Mbaruku.