Swali la Kumshusha Profesa

Jumamosi ile upepo wa Harlem ulikuwa unakata masikio. Ephraim Goodloe alitundika bendera ya Marekani ubavuni mwa ngazi yake, kama sheria ilivyowataka wahutubiaji wa barabarani, askari wasije wakamsumbua, akapanda kuhutubia.

Siku za kazi aliendesha lifti katika jengo la ofisi, na maneno yake yalikuwa mawili tu: "Ghorofa gani?" Hapa konani waliomzoea walimwita Profesa. Jioni zake alizimalizia maktaba, na tangu mkewe Lavinia afariki, hata mezani alikula akisoma.

Alianza na wafalme wa Ethiopia. Ng'ambo ya barabara, msemaji kijana mwenye kipaza sauti alikuwa amekusanya umati. Kwa Ephraim walisimama watu wachache, mabega juu kwa baridi.

"Fupisha, Profesa!" mmoja alipaza sauti. "Ethiopia haikimbii, sisi ndio tunaganda!"

Wakacheka. Yeye pia akacheka, akaendelea. Kufika mwisho, walishaondoka wote, mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo penye shida. Desturi ya kona ile ilikuwa kwamba msemaji hashuki mpaka aulizwe swali na kulijibu. Akishuka bila kuulizwa, mahali pake hupewa mwingine. Na Ephraim hakuwa na mahali pengine ambapo mtu alimwita kwa jina lolote.

"Maswali?" aliuliza. Wapita njia wakapita.

"Maswali, ndugu zangu?"

Bi Odessa, muuza viazi vitamu vya kuchoma, alikuwa anafunika jiko lililokuwa juu ya toroli lake. Akamtazama Profesa pale juu, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi kwenye ngazi.

"Haya, mimi ninalo. Wafalme wako nimewasikia. Tangu Jumamosi iliyopita, umezungumza na nani?"

"Bi Odessa, hilo si swali la mada."

"Nimeuliza. Jibu, au lala huko juu."

Ephraim alizoea kujibu kwa tarehe na majina ya vitabu. Alitafuta jina moja la mtu aliye hai, akalikosa.

"Hakuna," alisema.

"Umejibu. Kona ni yako."

Alishuka polepole. Alitaka kumwuliza naye swali, lolote lile, hata bei ya viazi. Lakini alipokanyaga chini, Bi Odessa alikuwa keshalisukuma toroli lake hadi kule kwenye umati, akinadi viazi kwa sauti.