Siku Nilipobandua Choroko Jikoni

Haya, chekeni mapema tuyamalize, maana aibu hii nisipowasimulia mwenyewe mtaisikia kwa jirani yangu Mama Jeni, na yule ataongeza chumvi. Mnajua mie sioni tangu nikiwa na miaka tisa, na kupika napika, naishi peke yangu Kijichi na sijafa njaa. Ila mama yake Nassoro, mchumba wangu, alikuwa ameshamwambia mwanawe wazi kwamba hatoi radhi zake mpaka ale chakula nilichopika kwa mikono yangu na atoke nyumba ikiwa imesimama. Akasema atakuja Jumamosi mchana.

Sasa oveni yangu, ile ndogo ya kuweka mezani, ina kitufe cha kuzungusha, duara tupu, laini, hakina ncha wala alama ya kushika, kwa hiyo nilikuwaga nimebandika punje za choroko kwa gundi, moja kwenye moto mdogo, mbili kwenye wa kati, tatu kwenye mkali, vidole vinasoma vyenyewe. Jumamosi asubuhi shetani akaniingia (shetani gani, maringo tu). Nikawaza, mama wa watu akikuta choroko zimegandishwa kwenye oveni atasema huyu hata usafi hana. Nikachukua kisu nikazibandua zote, nikapitisha limao, oveni ikawa kama ya mtu anayeona. Moto nitakisia, nikajiambia, mwaka wa tatu huu naishika.

Mama mkwe akafika na Nassoro, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeburutwa, akapita jikoni mara moja kisha akarudi sebuleni kukaa. Hakusema neno, mie nikafurahi, nikajua jiko limempendeza.

Kuku yuko ndani, mie nakata kachumbari, mara harufu, na si ya kuiva. Mtu mwenye akili angeita msaada. Mie nikafunga mlango ili moshi usimfikie mkwe, nikazima swichi ukutani (hiyo sisahaugi hata niwe na wazimu), nikavaa glavu, nikatoa trei, nikageuka kushoto kwenye ubao wangu, pale ninapotuaga vyote vya moto kwa sababu hapo hakukaagi kitu kingine, nikaitua. Ikatua juu kuliko kawaida. Halafu ikaanza kuzama taratibu.

Kumbe hotpoti ya plastiki. Mama mkwe alibeba pilau lake kutoka Tandika ili mwanawe asishinde njaa, na alipopita jikoni akaliweka pale kimyakimya. Nikavuta trei, hotpoti ikaja nayo imenasa, mfuniko ukaachia, pilau lote miguuni kwangu, na moshi mweusi ukatoka dirishani, ambako Mama Jeni alikuwa anafua. Akapiga yowe la moto na hakusubiri jibu, akanimwagia ndoo nzima ya maji ya sabuni kupitia dirishani, mie na dera langu jipya. Majirani wakajaa uani.

Mlango wa sebuleni ukafunguliwa. Nimesimama natiririka povu, kuku mkaa mkononi, wali kwenye vidole vya miguu, nasubiri ndoa yangu ivunjwe mbele ya mtaa mzima. Mama mkwe akaipokea trei kwa kitambaa, akanivua glavu, akanipapasa vidole kimoja kimoja.

"Umeungua?"

Nikamwambia sijaungua, nikaanza kulia kama mtoto, nikamweleza choroko zote mpaka maringo yangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na waliokuwa uani wote walisikia:

"Mie nimeweka chombo kwenye njia ya mikono yako na sikusema, kwa sababu nilikuja nimeshaamua kwamba hujui. Nisamehe, mwanangu. Sasa nionyeshe kila kitu kinakaa wapi, nisikosee nikija tena."

Nikija tena! Nililia upya. Mchana ule tulikula kachumbari na mkate wa Mama Jeni, na mkwe akaomba aongezewe.

Basi nimeapa, sitalipamba tena jiko kwa ajili ya macho ya watu wasiopika humo, libaki baya vilevile, wanaotaka uzuri wakakae sebuleni. Ndoa ilifungwa, na mama mkwe siku hizi akiingia kwangu hujitangaza kama kondakta kituoni, mama naweka kikombe, kulia kwako, mama nafungua kabati, chunga kichwa, mpaka majirani wanajua sukari yangu iko wapi, na mie simkatazi.