Pipa la Alfani na Moyo wa Tomi

Mwaka wa hamsini na nne, pale Diani, Alfani alikuwa mpishi wa memsabu mmoja mjane, na kazi yake ilikuwa na heshima zake mpaka mbwa wa kwanza wa memsabu alipokufa. Daktari wa wanyama alimpasua, akamtoa moyoni minyoo mirefu mithili ya tambi. Akaeleza kwamba minyoo hiyo huletwa na mbu: humnyonya mbwa mgonjwa, kisha humwuma mzima. Kinga ni kumwepusha mbwa na mbu. Memsabu akaleta mbwa mwingine, Tomi, pamoja na chandarua, akamkabidhi Alfani vyote viwili. Tomi akiugua moyo, alisema, jiko litatafutiwa mpishi mwingine.

Sasa, Alfani alikuwa mtu wa msikiti. Ulimi wa mbwa ukimgusa, hana swala mpaka aoshe palipoguswa mara saba, mara moja kwa udongo. Na Tomi, Mungu alimwumba ulimi kwanza, mwili ukafuata baadaye. Kila magharibi Alfani alimvuta bandani kwa kichwa cha samaki aina ya changu kilichofungwa kwenye ufito, akashusha chandarua, akachomekea kingo kwa ncha za vidole. Kila magharibi alilambwa. Kisima kilikuwa mbali, na adhana haimngoji mtu. Basi akaweka pipa la maji nyuma ya banda, na kopo la udongo juu ya jiwe. Alijiona mwerevu kweli, nami simlaumu.

Nyumbani, mkewe Mwanaima hakumpa raha.

"Baba Waziri," alimwambia, "mbwa ana chandarua, mimi nina kofi la kuulia mbu. Labda nami nijifunze kubweka."

 Ukweli ni kwamba Alfani alimpenda yule mbwa. Hakuwahi kumkumbatia hata siku moja, lakini kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alipita kwanza bandani kusikiliza kama anapumua vizuri.

Mwaka ulipotimia, daktari akarudi na hadubini yake. Akamtoa Tomi damu, akaipaka kwenye kioo. Alfani alisimama upenuni akisoma kimoyomoyo dua zote alizozijua, hata ya safari. Damu ilipokuwa ikikauka, daktari akazunguka nyuma ya banda, kisha akawaita. Ndani ya pipa viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikicheza ngoma, tele kama mchele chunguni.

Memsabu akauliza ni nani aliyefuga mbu kando ya mbwa wake. Kaingu, mtunza bustani, alikuwa amekwenda sokoni, na kumsingizia asiyekuwapo ni rahisi. Alfani akasogea mbele.

"Pipa ni langu, memsabu. Maji ni ya kujitoharisha. Basi na mbu ni wangu."

Daktari akamwamuru ayamwage pale pale, akarudi kwenye hadubini yake. Alitazama muda mrefu kupita kiasi. Hatimaye akasema damu ni safi. Chandarua kimelishinda pipa, na memsabu akasema mpishi abaki.

Alfani akasahau fiqhi yote. Alipiga magoti, akamkumbatia Tomi shingoni, na Tomi, aliyeingoja siku hiyo mwaka mzima, akamlamba kutoka kidevuni mpaka kwenye kipaji, akamalizia masikio. Adhana ya adhuhuri ikaanza. Pipa lilikuwa limelala ubavu, tupu. Alfani akachukua kopo lake la udongo, akashika njia ya kisimani huku akicheka, uso umelowa, na Tomi nyuma yake.