Vidonge vya Mwezi wa Kufunga

Nilitoka Kitale na cheti changu cha kidato cha nne, nikafika Malindi siku ya tatu. Treni ilitushusha Mombasa alfajiri, miguu imevimba. Basi nalo likakwama Kilifi kwa kuwa kivuko kilikuwa kibovu, tukakaa ukingoni hadi alasiri tukila korosho. Sikuwa na mtu wa kumwendea. Nilikuwa nimechoka tu kukaa nyumbani, ugonjwa ambao haujanitoka hata sasa nikiwa na miaka arubaini na kitu.

Nilipata kazi kwenye duka la dawa karibu na soko. Mwenyewe alikuwa mfamasia, mzaliwa wa mji wa kale, mtu wa kofia na miwani mizito. Watu walimwita daktari, naye akikataa kila mara.

"Daktari yuko hospitali. Mimi natoa alichoandika, nikishauliza."

Alinifundisha kuhesabu vidonge vitano vitano kwa kisu butu, bila kuvigusa kwa vidole. Kwa wasiojua kusoma, hasa waliotoka vijiji vya Ganze, tulichora jua kwenye bahasha: linachomoza, liko utosini, linatua. Hakuna aliyeondoka kabla ya kutuambia kwa kinywa chake atakavyomeza.

Ulipoingia mwezi wa Ramadhani alimwuliza kila mgonjwa wa kudumu kama anafunga. Akijibiwa ndiyo, alinyanyua simu kumpigia daktari wapange saa za dawa upya. Daktari alikuwa mtu wa bara kama mimi, tena mkali. Sauti yake ilitoka kwenye simu hadi nilipokaa.

"Mfamasia ni wewe, daktari ni mimi!"

"Ndiyo maana nakupigia, bwana. Ningekuwa daktari ningejipigia mwenyewe."

Walizozana hivyo mwaka hadi mwaka, na bahasha zikatoka zimeandikwa sawasawa.

Ramadhani yangu ya tatu mfamasia alikwenda Mombasa kuchukua dawa, akaniachia duka kwa siku mbili. Asubuhi akaja bibi mmoja wa mtaa wa nyuma, mgonjwa wa sukari, ambaye daktari alikuwa amembadilishia vidonge siku hiyohiyo. Nilimpenda. Alikuwa akinitania kila akija.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Bado hujaoa? Wangoja wa bara waje kwa treni?"

Nikacheka, nikahesabu vidonge. Cheti cha daktari kilisema kimoja asubuhi, kimoja jioni, kabla ya chakula. Nilipomkabidhi bahasha akainamia kaunta.

"Na mwezi huu mtukufu, nimeze vipi?"

Nilitazama simu. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimempigia daktari juu ya mgonjwa mwingine, akanifokea kuwa hazungumzi na karani. Tena niliona ni utovu wa adabu, mimi Mkristo, kumhoji mama wa umri ule juu ya ibada yake.

"Kama alivyoandika daktari, bibi. Asubuhi na jioni."

"Basi cha asubuhi nitameza na daku," akasema, akatabasamu, akaenda zake.

Nilisikia neno hilo. Nilijua daku huliwa kabla ya alfajiri, na kwamba baada yake ni mchana kutwa bila tonge, huku kidonge kikishusha sukari. Nikamwita mteja wa pili.

Siku ya pili alasiri alianguka jikoni akiandaa futari, sukari imemshuka. Walimfikisha hospitali akiwa hajitambui, na hakuamka.

Mfamasia alirudi akaenda maziko moja kwa moja. Aliporejea dukani nilimweleza yote, neno kwa neno. Alivua miwani akaiweka kaunta.

"Waliniuliza nani alimpa dawa," akasema. "Nikawaambia duka ni langu."

"Lakini ni mimi."

"Duka ni langu."

Daktari alipiga simu jioni ile. Sikumsikia akifoka. Nilimsikia mfamasia tu: "Hukuulizwa, bwana. Na hapa ndipo palipotakiwa kuuliza." Tangu hapo wakawa wanasemezana kwa upole, hata matani yao yakaisha, na mimi niliyatamani kuliko nilivyotarajia.

Nilivumilia hadi Idi ikapita. Sikuweza tena kustahimili kumwona mtu wa mtaa ule akimpita mfamasia bila salamu kwa kosa langu. Nikaenda kwa binti wa marehemu, nikamkuta anaanua nguo uani. Nikamwambia ni mimi niliyetoa vile vidonge.

"Najua," akasema. "Mama alirudi nyumbani amefurahi. Alisema, 'Yule kijana wa dukani kaniambia nimeze, hakunikataza kufunga.' Sisi tulikuwa twamkataza. Akatushinda kwa neno lako."

"Nisamehe, dada."

"Nimesamehe. Lakini mzee wa watu mwachie jina lake. Nitawaambia majirani mimi mwenyewe kwamba kosa si lake." Akachukua beseni lake. "Wewe nenda."

Kesho yake nilimuaga mfamasia. Alinisihi nibaki, alisema mtu aliyekosea hivyo hatasahau kuuliza tena. Nilijua ni kweli, ila sikuweza kushika kile kisu. Akaniandikia barua ya kunisaidia kupata kazi kwingine, akaifunga mwenyewe.

Niliifungua basi likipita Tezo. Alikuwa ameandika kwamba mimi ni mkweli na mwangalifu katika kutoa dawa. Nikaikunja. Nimefanya kazi katika miji mingi tangu siku ile, na barua hiyo sijamwonyesha mtu.