Mikono ya Bi Tahiya

Mama yangu, Bi Tahiya wa Kizimbani, ametwanga bizari miaka ishirini na saba. Mikono yake hiyo, Allahu Akbar! Wanawake wa kijijini walipoletewa sanamu la plastiki kufundishiwa huduma ya kwanza, alilibonyeza kifua mpaka likapasuka. Mwalimu akamwambia, "Bi Tahiya, umefaulu, lakini umetutia hasara."

Siku ya ndoa yangu baba, Mzee Usi, alikuja na mkewe Sumaiya. Alimwacha mama kwa ajili yake, na wanawake hao walikuwa na miaka sita hawajapeana hata salamu. Nilikuwa dirishani nachungulia barazani. Baba alinyoosha mkono amshike Munir, bwana harusi wangu, aniozeshe. Mara akaanguka chali.

"Kalala tu," mzee mmoja akasema. "Si anakoroma huyo?"

Mama akatoka jikoni mbio, unga mpaka kwenye nyusi. Akamtikisa, akamwita. Kimya.

"Huko si kukoroma, hapumui huyu! Munir, piga simu, gari la wagonjwa lije!"

Akapiga magoti, akabandika viganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, akaanza kushindilia kwa nguvu, haraka haraka, akiachia kifua kiinuke kila mara.

"Bi Tahiya, si mumeo tena huyo! Haramu kumshika!" yule mzee akapiga kelele.

"Akiamka ntamwachia!"

Hakupoteza hata pigo moja. Lakini jasho lilimmwagika, na kidole kimoja hakivunji chawa. Akainua uso.

"Sumaiya! Njoo unipokee!"

"Mie siwezi, dada!"

"Hujapata kutwanga kisamvu wewe? Weka mikono hapa. Twanga!"

Wakapokezana, huyu akichoka huyu anaingia, wakiimba wimbo wa kinu wasije wakapoteza mwendo. Nililia na kucheka pamoja, Mungu anisamehe. Nilitaka baba yangu aishi, na nilikuwa sijapata kuona kutwanga kutamu kama kule.

Gari likafika, wauguzi wakampiga umeme wa mashine ya kushtua moyo mara moja, baba akakohoa. Vigelegele vilisikika mtaa wa pili!

Baada ya siku nne aliniozesha akiwa kitandani hospitali. Alipomaliza kutamka, akashika kifua.

"Mbavu zangu mbili zimevunjika. Nani kanivunja?"

Mama akamtazama Sumaiya.

"Moja yangu, moja yake," akajibu. "Tumegawana kwa haki."

Sumaiya akaangua kicheko, akamwegemea mama begani, na mama akamwacha aegemee.