Ng'ombe wa Tingi

Toka Lindi hadi Kilwa hajazaliwa dereva wa kunishinda, na siku ile nilikuwa nawaonyesha akina mama wa kijiji chetu cha Tingi ninavyopiga rivasi kwa mkono mmoja. Landrova ya kijiji ikaukumba mkorosho, ubavu ukabonyea. Nimlipe fundi kwa fedha zangu, au tudai bima? Nikachagua bima, maana mshahara wangu naupenda.

Kwenye kaunta ya bima Lindi, mwenyekiti wetu wa kijiji akiwa kando yangu, nikamwambia karani, "Ng'ombe alikatiza barabara."

Karani akaweka kalamu chini. "Ndugu, ng'ombe wa nani? Huko kwenu mbung'o wamewamaliza wote."

Mwenyekiti akanyoosha kanzu yake. "Andika, mwanangu. Dereva wetu hasemi uongo." Akachovya kidole gumba kwenye wino, atie dole kama shahidi wangu.

 Nikamshika mkono kabla hajagusa karatasi. "Mzee, hapakuwa na ng'ombe. Nitalipa mwenyewe."

Akafuta wino polepole, akamwomba karani radhi. Kurudi, kiti cha mbele kilibaki kitupu. Mzee alipanda nyuma, juu ya magunia.

Fundi wa Mtanda, mtaa wa Lindi mjini, aliunyoosha ubavu kwa siku mbili. Mwenyekiti mpaka leo anapanda nyuma.